Mgeni njoo, mwenyeji apone: ukweli wa karo za vyuo vya umma Marekani

Najua nimekuwa kimya siku nyingi. Zamu za usiku, baridi, na uvivu kidogo, sikatai. Lakini wiki hii nina jambo moyoni na sitalala vizuri mpaka nimelitoa. Nitasema kwa ukali, kwa hivyo tustahimiliane.

Jumapili nilifungua simu nikakuta ujumbe themanini na kitu kwenye kundi la ukoo. Nikashtuka, nikadhani kuna msiba. Kumbe ni furaha: mdogo wangu, mtoto wa Ami, amepata barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu cha umma huku Marekani. Hongera, maua, dua. Haikupita saa mbili, hongera zikageuka harambee. Kamati ikaundwa, mweka hazina akachaguliwa, orodha ya ahadi ikaanza. Na chini kabisa nikaona maneno ya Ami mwenyewe: shamba la miembe la babu, ule upande wa barabarani, mnunuzi keshapatikana. Pesa hiyo na michango itatosha mwaka wa kwanza, "na mingine Mungu atafungua njia." Halafu wote wakanigeukia mimi: "Wewe si uko hukohuko? Kijana atakaa kwako, alipe karo ya wenyeji."

Jamani!

Ami, nakuheshimu. Wewe ndiye uliyenipakia kwenye baiskeli siku yangu ya kwanza ya shule. Lakini kwa hili nasema HAPANA, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika. Sisemi kijana asisome. Nasema shamba lisiuzwe kwa ajili ya mwaka wa kwanza wa kitu ambacho hatujauliza kinaisha lini, kwa bei gani, na ni wangapi wanaokimaliza.

Tuanze na hilo neno "umma". Huko nyumbani tukisikia chuo cha umma tunafikiri nafuu. Ni cha serikali, serikali ni yetu sote. Huku sivyo. Huku chuo cha umma ni cha jimbo, na jimbo lina watoto wake. Kuna karo ya mwenyeji na kuna karo ya mgeni. Mwenyeji ni yule ambaye yeye au wazazi wake wana makazi ya kudumu katika jimbo hilo. Mgeni ni kila mtu mwingine: Mmarekani wa jimbo jirani, na mtoto wa Ami kutoka Kilifi. Kwenye tovuti za vyuo mtaona imeandikwa "in-state" na "out-of-state". Hiyo ya pili ndiyo yetu.

Tofauti yake si ya mchezo. Kwa mwaka wa masomo wa 2024-25, College Board walipiga wastani wa nchi nzima kwa vyuo vya umma vya miaka minne. Mwenyeji: dola 11,610 kwa mwaka. Mgeni: dola 30,780. Hiyo ni karo na ada za chuo tu! Kitanda hakimo, chakula hakimo, bima ya afya haimo, koti la baridi halimo. Ukipiga dola kwa shilingi 129, karo ya mgeni inakaribia shilingi milioni nne kwa mwaka mmoja. Na huo ni wastani. Ukienda University of Michigan, mgeni anapita dola 55,000 kwa mwaka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijaona pahali methali hii inapotimia kama hapa. Mgogoro wa fedha wa 2008 ulipopiga, majimbo mengi yalikata ruzuku ya vyuo vyao. Vyuo vikatazama kushoto na kulia, vikamwona mgeni. Kupandisha karo ya mwenyeji ni kugombana na wapiga kura. Mgeni hapigi kura. Basi wakaanza kumtafuta mgeni kwa bidii, kwa vitabu vya picha nzuri na maafisa wa kusafiri. University of Alabama leo zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza wametoka nje ya jimbo la Alabama. Huko California, Machi 2016, mkaguzi wa hesabu wa jimbo alitoa ripoti kali kuhusu University of California: kwamba ilipokea maelfu ya wageni ambao alama zao zilikuwa chini ya alama za katikati za wenyeji waliopokelewa. Chuo kilipinga, lakini Mei 2017 bodi yake ikaweka kikomo, kwamba katika matawi mengi wageni wasizidi asilimia 18 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Mnaelewa maana yake? Barua ya kukubaliwa ambayo Ami ameipeleka kwa fundi aitilie fremu inaweza kuwa sifa ya kijana. Inaweza pia kuwa ankara tu. Chuo kinahitaji pesa ya mgeni, na sisi tunaimba kwa furaha kwamba tumechaguliwa. Simdharau kijana, ana akili kuliko mimi. Nasema barua peke yake haituambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Sasa hili la "atakaa kwako." Kwanza, mimi niko Ohio. Hicho chuo kiko jimbo jingine kabisa, safari ya saa kumi na nne kwa gari kama hakuna theluji. Lakini hata kingekuwa mtaa wa pili, isingesaidia. Ukaazi wa mwanafunzi anayetegemea wazazi unafuata wazazi wake, na kwa hapa kuishi kwa binamu si kuishi kwa baba.

Wapo watakaosema: mbona tumesikia mtu akikaa mwaka mmoja anakuwa mwenyeji? Ni kweli, kwa baadhi ya watu. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1971 ilikubali jimbo la Minnesota limtake mtu akae mwaka mzima kabla ya kuitwa mwenyeji. Mwaka 1973 ikalikataza jimbo la Connecticut kumwita mwanafunzi mgeni moja kwa moja mpaka amalize, bila kumpa nafasi ya kuthibitisha kwamba amehamia kweli. Lakini angalieni kamba inavyotufunga sisi. Mwenye viza ya mwanafunzi, ile F-1, alipata viza hiyo kwa kumwambia ofisa wa ubalozi kwamba ana kwao na hana nia ya kupaacha. Sasa ataendaje ofisi ya chuo kusema kwamba hapa ndipo kwake pa kudumu? Katika majimbo mengi mlango huo umefungwa. Wenye kadi ya kijani hesabu yao ni nyingine. Mtoto wa Ami atakuwa mgeni mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Na wa tano, na wa sita.

Mmesoma hapo? Wa tano na wa sita. Hapa ndipo penye hasira yangu yote.

Tunasema "shahada ya miaka minne" kama vile ni ahadi. Serikali ya Marekani yenyewe haihesabu hivyo. Kuna sheria ya mwaka 1990 inayovitaka vyuo vitangaze ni wanafunzi wangapi wanahitimu, na kipimo chake ni muda wa kozi na nusu yake. Yaani kwa shahada ya miaka minne wanahesabu miaka SITA. Na hata kwa miaka sita, kati ya wanafunzi wapya 100 walioanza masomo ya kutwa katika vyuo vya umma vya miaka minne mwaka 2014, waliokuwa wamemaliza katika chuo hichohicho kufikia 2020 ni 63. Wengine 37 hawamo. Baadhi walihamia kwingine, baadhi walikuwa bado wanasukuma, na wengi waliondoka na madeni bila karatasi.

Na huo tena ni wastani. Vyuo vinavyochuja sana, kama Berkeley na huo Michigan, hufikisha zaidi ya 90 kati ya 100. Basi mjue viko vya umma ambavyo hata 50 hawafiki. Na kinachoniuma ni kwamba mgeni analipa karo ya mgeni kote kote. Duka la mjini ukinunua redio mbovu unairudisha. Chuo ambacho nusu ya wanafunzi hawamalizi hakimrudishii mgeni hata senti ya tofauti.

Sasa piga hesabu nami, Ami. Kwa ule wastani wa 2024-25, karo peke yake:

Miaka minne: dola 123,120.
Miaka mitano: dola 153,900.
Miaka sita: dola 184,680.

Hata hiyo minne inakaribia shilingi milioni 16, na hajala wala hajalala. Shamba lina miembe mingapi?

Kuna mtego mwingine hapa ambao hakuna wakala atakayewaeleza. Kwa kawaida shahada ni krediti 120. Ili viza ya kijana iwe sawa anatakiwa achukue angalau krediti 12 kila muhula. Kijana mgeni, Kiingereza cha darasani kinamtisha, anaona 12 zinatosha, hata ofisi imesema zinatosha. Zinatosha kwa viza! Lakini 12 mara mihula minane ni 96. Amepungukiwa 24, yaani mwaka mzima mwingine, kwa karo ya mgeni. Hakufeli somo lolote, hakulewa, hakupotea. Alifuata kiwango cha chini tu. Ili amalize kwa miaka minne anahitaji 15 kila muhula. Na katika vyuo vingi mwanafunzi wa kutwa hulipa karo ileile akichukua 12 au 15. Basi zile tatu za juu ni bure na hakuna aliyemwambia.

Najua haya kwa sababu yalinipata mimi.

Ile picha yangu ya joho, iliyotundikwa sebuleni kwa mama karibu na saa, mnaijua wote. Kila mgeni anaonyeshwa. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza niliingia mwaka gani na nilivaa lile joho mwaka gani. Nami sikusema. Leo nasema. Niliingia 2003, nikahitimu 2010. Miaka saba! Pesa mlizonichangia ziliisha katikati ya mwaka wa pili. Sikuwapigia simu, maana ningewaambia nini? Nikahama kile chuo nikaenda koleji ndogo ya miaka miwili yenye karo nafuu, nikasoma huku nikiosha vyombo kwenye mkahawa wa shule. Kima cha chini cha mshahara wakati ule kilikuwa dola 5.15 kwa saa, na mwanafunzi mgeni haruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Fanyeni hesabu wenyewe. Nilipopata chuo kikuu kingine, krediti zangu nyingi zilikataliwa, eti hazilingani na za kwao. Masomo niliyoyalipia mara moja nikayalipia mara ya pili. Baadaye nikaja kusoma kwamba si mimi peke yangu: mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanaohama chuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao.

Kwa hiyo katika takwimu za chuo kile cha kwanza, mimi nimo kwenye wale ambao hawakumaliza. Mtu wa joho la sebuleni! Na wakati nikihangaika, nilikuwa nawatumia picha nikiwa nimeegemea gari la mwenzangu. Nisameheni. Nadhani nyinyi mnauza shamba leo kwa sehemu kwa sababu ya picha zile. Sisi tulio huku tumewadanganya kwa kunyamaza, na kijana wetu analipa gharama ya aibu yetu.

Mtasema: lakini hatimaye ulimaliza. Ndiyo, alhamdulillahi. Sasa niwaeleze asiyemaliza.

Kuna kijana wa huko kwetu pwani, simtaji jina wala chuo wala jimbo, maana wazazi wake pia wanasoma hapa. Alikuja kwa harambee kubwa kuliko hii. Mwaka wa kwanza ukalipwa wote, mwaka wa pili nusu. Katikati ya mwaka wa tatu akawa anadaiwa. Sasa tazama mashine inavyosaga. Ukidaiwa, chuo kinakuzuia kujiandikisha muhula unaofuata. Usipojiandikisha, wewe si mwanafunzi wa kutwa. Usipokuwa wa kutwa, viza yako haina maana tena. Kutoka deni la karo mpaka kuishi bila makaratasi ni muda wa muhula mmoja! Hakuna jaji, hakuna kikao, ni kompyuta tu imefunga. Akitaka kuhama chuo, wanamwambia alipe deni kwanza ndipo apewe nakala ya matokeo yake. Miaka miwili na nusu ya masomo mazuri, imefungiwa kabatini. Leo anafanya kazi za kujificha, hawezi kwenda kumzika babu yake, na huko nyumbani watu wanasema nini? "Ameharibikia Marekani." "Ameponzwa na starehe." Mimi namjua. Starehe yake ni kulala saa tano badala ya nne.

Wala si wageni tu. Georgia State University, chuo cha umma pale Atlanta, mwaka 2003 kilikuwa kinahitimisha kama 32 tu kati ya 100 kwa miaka sita. Walipokaa chini wakatazama kwa nini, wakakuta kwamba kila muhula wanawafuta mamia ya wanafunzi kwa sababu ya madeni, na mengi ni madogo madogo. Mwaka 2011 wakaanzisha utaratibu wa kuwapa waliokaribia kukwama ruzuku ndogo, wastani wa kama dola 900. Wakaongeza washauri, wakawa wanafuatilia kila anayeanza kuyumba. Kiwango kikapanda kupita nusu. Nawauliza basi: wale waliokuwa wanaanguka kabla ya 2011, walikuwa wavivu? Hapana, walikuwa wamepungukiwa. Chuo kikitaka watu wamalize, wanamaliza. Kisipotaka, kinachukua karo ya mwaka wa kwanza na wa pili kisha kinafungua mlango kwa wapya.

Sasa mnaona kwa nini "pesa ya mwaka wa kwanza inatosha" inanitia baridi kuliko theluji. Na hili nalo ni la mfumo wenyewe. Ili chuo kitoe ile fomu ya I-20 ya kuombea viza, kinataka taarifa ya benki inayoonyesha pesa ya mwaka mmoja. Mmoja! Hakuna anayekuuliza mwaka wa tatu utatoka wapi. Kwa hiyo ukoo unakusanya ya mwaka mmoja, benki inapiga muhuri, watu wanapiga vigelegele uwanja wa ndege, na kijana anapandishwa ndege kwenda kwenye deni.

"Atafanya kazi," mnasema. Saa 20 kwa wiki, ndani ya chuo tu. Kima cha chini cha taifa ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Hiyo ni dola 145 kwa wiki kabla ya makato. Kwa wiki 32 za masomo ni dola 4,640. Karo ni 30,780. Kazi ya kibarua nje ya chuo bila ruhusa ni kuvunja masharti ya viza, basi msimwambie "atajipanga." Na mikopo ya serikali ya huku, ile wanayochukua Wamarekani, mwenye F-1 haipati.

Nijibu pia wanaotetea vyuo hivi, maana wapo hata humu kwenye kundi. Wanasema mwenyeji anapunguziwa kwa sababu wazazi wake wamelipa kodi miaka yote. Sawa, nakubali. Nchi yoyote ina haki ya kuwapendelea watoto wake, hata sisi tungefanya hivyo. Sigombani na mwenyeji kulipa kidogo. Nagombana na chuo kinachomtoza mgeni karibu mara tatu kisha hakimwambii wazi, kwenye barua ileile ya hongera, ni wageni wangapi kama yeye walimaliza na kwa miaka mingapi. Takwimu hizo wanazo. Sheria inawataka wazitoe tangu 1990. Lakini haziwekwi karibu na bei. Ukinunua dawa unaandikiwa madhara yake kwenye karatasi, ukinunua shahada ya milioni 16 unapewa picha ya bendi na mpira!

Na mawakala wa kule mjini wenye ofisi za vioo, nao nawajua. Wengi wao hulipwa na chuo kwa kila kichwa kinachoingia. Kinachoingia, si kinachotoka. Mmesahau ya 2023? Wazazi wa Uasin Gishu waliolipia watoto wao kupitia mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Kanada waliishia kuandamana Eldoret wakidai pesa zao. Wengine walikuwa wameuza mashamba. Ule mkasa ulikuwa tofauti na huu, lakini mzizi ni mmoja: tunalipa kwanza, tunauliza baadaye.

Basi tuulize kwanza. Ami, kabla mnunuzi hajakanyaga shambani, kijana alete majibu ya maswali haya, kwa maandishi kutoka chuoni, si kwa wakala:

1. Karo ya mgeni ni kiasi gani kwa mwaka, na imepanda kiasi gani kwa miaka mitano iliyopita? Hupanda hata kijana akiwa ndani.

2. Kati ya wanafunzi 100, wangapi humaliza kwa miaka MINNE, na wangapi kwa sita? Wizara ya elimu ya Marekani ina tovuti ya bure inaitwa College Navigator. Andika jina la chuo, fungua sehemu ya kuhitimu. Kuna mpaka mstari wa wanafunzi wasio wakazi wa Marekani. Kijana ana simu nzuri, ni kazi ya dakika kumi.

3. Kuna punguzo la karo kwa mwanafunzi wa kigeni? Ni la mwaka mmoja au la miaka yote minne, na alama zikishuka linaondoka? Viko pia vyuo vichache vya umma, hasa majimbo ya kaskazini kama Minnesota na North Dakota, ambavyo vimekuwa vikitoza kila mtu karo moja bila kuangalia ametoka wapi. Si vya kujulikana, havina mpira wa kuonyeshwa kwenye televisheni, hakuna wakala anayevitaja. Hivyo ndivyo vya kuulizia.

4. Kozi anayoitaka inaweza kweli kumalizwa kwa miaka minne kwa krediti 15 kila muhula, au kuna masomo ambayo nafasi hujaa na mtu anasubiri mwaka?

5. Pesa ikichelewa muhula mmoja, chuo hufanya nini? Kuna mfuko wa dharura ambao mgeni naye anaruhusiwa kuomba?

Majibu yakiwa mazuri, mimi wa kwanza kuchanga, na simsemi mtu. Yakiwa mabaya, njia haijafungwa. Kijana aanze hapo nyumbani. Pwani University si iko hapohapo Kilifi? Nairobi je? Asome, apate shahada ya kwanza yenye alama nzuri bila ukoo kuuza ardhi. Halafu aombe huku shahada ya pili. Kwa shahada za juu, hasa za sayansi, kuna vyuo vingi ambavyo mwanafunzi hufundisha au husaidia utafiti, na chuo kinamsamehe karo na kumlipa posho. Ni vyuo hivihivi vya umma! Mlango wa mbele wanakutoza mara tatu, mlango wa pili wanakulipa. Wahadhiri wetu wengi walipita huo wa pili. Sisi tunagombania wa mbele kwa sababu una picha nzuri.

Najua nitaitwa mchoyo. Tayari shangazi mmoja ameandika kwamba "waliovuka daraja hawataki wenzao wavuke." Shangazi, nimekusoma, na nimeumia. Lakini daraja hili mimi nimelivuka kwa magoti, na nimeona waliotumbukia. Ningekuwa mchoyo ningetuma dola mia mbili, nipigiwe makofi, ninyamaze, kisha baada ya miaka miwili nizime simu kijana akipiga usiku kusema amefungiwa kujiandikisha. Hiyo ndiyo ingekuwa rahisi.

Ami, babu alipanda ile miembe akijua hatakula yote. Isiende kwa mwaka mmoja wa karo ya mgeni. Nitakupigia Ijumaa baada ya swala, tuzungumze wewe na mimi na kijana mwenyewe, kabla ya kamati kukutana Jumamosi. Kijana aje na hiyo karatasi ya maswali matano.

Na wengine mnaosoma, kama mna mtoto aliyepata barua kama hii, niandikieni jina la chuo. Nitakaa nanyi tuangalie hizo takwimu pamoja, hata iwe usiku wa manane. Na ile picha ya joho, mama, usiitoe ukutani. Ila ukimwonyesha mgeni, mwambie pia kwamba ilichukua miaka saba.

Wasalaam.